Ukuta wa Mchanga Mbichi

Kitui mjini, Jumapili jioni

Syombua mwanangu,

Mwalimu Mbithi, aliyekufundisha fizikia miaka minne, aliniambia leo saa saba mchana nje ya kanisa kwamba wazo langu kuhusu vitu na nafasi halina kosa la hesabu, kwa sababu halina hesabu yoyote. Alisema pia kwamba umelinakili kwa mkono wako mwenyewe, kurasa kumi na tisa, na kwamba keshokutwa Jumanne utalisoma mbele ya walimu wa chuo kikuu watakaoamua nani asomee fizikia na nani apelekwe kwingine. Hilo la pili sikuwa nikilijua.

Nilimuuliza kama kuna chochote ndani yake kinachofaa.

“Ukurasa wa mwisho,” alisema. “Lakini huo si wako, Bwana Muli. Huo ni wa msichana.”

Sasa ni saa kumi na moja. Umekwenda kuwaaga rafiki zako. Mama yako yuko sebuleni anapiga pasi sketi zako na kupuliza makaa kila baada ya dakika chache. Sanduku lako liko kitandani. Nimelifungua bila ruhusa yako. Naanza na hilo ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Nilitoa daftari ulilonakilia, nikalisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikalirudisha chini ya sweta kama ulivyokuwa umeliweka. Juu yake umeandika, “Wazo la baba yangu.” Mambo ya kula, ya kufua na ya kuchagua marafiki mama yako amekwisha kukuambia, na anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na sijui nifanye nini nalo.

Habari ya baba yako mdogo Kimanzi unaijua kama tulivyokusimulia: alichimba kisima mtoni wakati wa ukame, akachimba vibaya kwa sababu ya haraka, mchanga ukamfunika mbele ya macho yangu. Yote hayo ni kweli isipokuwa neno haraka. Hakuwa na haraka. Alichimba nilivyomwambia achimbe.

Wewe umezoea bomba la hapa mjini, kwa hiyo acha nikueleze. Upande ule wa Mutomo anakokaa nyanya yako, mto Tiva ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yako chini. Kila boma lina kisima chake mle mtoni, kimezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, na kila mtu anajua jinsi kinavyochimbwa: kipana juu, kama bakuli, kila upande umelazwa. Ili ushuke kimo cha mtu mmoja unaondoa mchanga wa kujaza nyumba. Kiangazi kikizidi, unaongeza upana kwanza ndipo uongeze kina. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeweza kukueleza sababu yake zaidi ya kusema kwamba ndivyo kisima kinavyochimbwa.

Mwaka huo wewe ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Mvua zilikuwa zimekosa mara mbili mfululizo. Gazeti langu la Nairobi lilinituma kusini mwa Kitui kuandika juu ya ukame, nikafikia kwa mama.

Wakati huo nilikuwa na wazo tayari. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ndani ya atomu ya kitu chochote, hata chuma, sehemu kubwa ni nafasi tupu. Jambo hilo lilinishika. Nikafanya jaribio langu: nikajaza debe mchanga mkavu mpaka pomoni, kisha nikamimina maji. Debe lililojaa likameza maji, na si kidogo. Nikaona kitu kingine. Mchanga ule ule unaokimbia vidoleni ukiwa mkavu, ukilowa unasimama. Unaukata kwa panga kama mkate. Nikaamua kwamba kinachofanya kitu kuwa kitu si chembe zake, bali nafasi iliyo kati ya chembe. Nafasi ikijazwa, vitu vingi vinakuwa kitu kimoja. Sikuwa na ushahidi zaidi ya lile debe. Mtu akiniletea habari yenye shahidi mmoja wa namna hiyo, siipeleki Nairobi.

Nilimkuta Kimanzi ameketi juu ya mchanga aliouchimbua, anakunywa uji. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mwepesi wa kutania. Wiki chache nyuma alikuwa amepeleka mbuzi wa kwanza wa mahari kwa kina msichana mmoja upande wa Kalamba, na nyumba yake ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha.

“Siku ya tatu hii nachimba upana,” alisema. “Maji hata sijayanusa.”

“Kwani lazima upana? Chimba wima.”

“Wima? Kama choo?”

“Mchanga wa chini ni mbichi. Ukiwa mbichi ni kitu kimoja. Tazama.”

Nikashuka na panga, nikakata ukuta wima wa kunifika kiunoni. Ukasimama. Nikaupiga kiganja, ukasimama bado. Kimanzi akauzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

“Kumbe huko Nairobi wanafundisha kuchimba.”

“Wanafundisha kufikiri.”

“Haya, mwalimu. Ukuta ukianguka utakuja kunifukua na hiyo kalamu.”

Tukacheka. Jioni alimwambia mama kwamba amegundua njia ya mkato. Hakunitaja. Alikuwa anajisifu kidogo, na mimi nikamwachia sifa.

Alichimba wima siku mbili. Ukuta ulisimama siku ya kwanza, ukalala wima, ukaamka wima. Siku ya pili kabla ya adhuhuri alifika kwenye maji. Alasiri alikuwa chini anachota, mimi nimesimama juu, napokea ndoo. Upande uliokuwa ukipigwa na jua ukashuka. Haukutoa sauti ya kutisha. Ulitoa sauti kama ya mtu anayemimina mahindi guniani.

Alikuwa amenyoosha mkono kunipa ndoo, na mkono huo ukabaki nje mpaka kiwiko. Niliushika. Nataka ulielewe hili sawasawa: niliushika tangu mwanzo mpaka mwisho. Vidole vyake navyo vilinishika, kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo. Watu wa visima jirani walikuja mbio wakachimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa vibuyu. Kila walichotoa kilirudi maradufu. Mimi nilikuwa nimepima mchanga ule kwenye debe. Nilijua ndani yake mna nafasi kiasi gani. Niliwaza hivyo, wakati ule ule, nikiwa nimemshika: kwamba humu mna nafasi tele, maji yanapita, hewa inapita, na hakuna hata upenyo wa kumvuta mtu mmoja. Nilivuta mpaka nikahofia kumng'oa bega. Kisha nikawa nimeshika mkono tu.

Siku iliyofuata nilikwenda posta ya Mutomo nikaomba simu ya Nairobi. Mhariri wa zamu alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi.

“Nani amethibitisha kifo?”

“Mimi. Nilikuwepo.”

“Wewe ni mwandishi, Muli, wewe huwezi kuwa chanzo cha habari. Kuna chifu hapo?”

“Naibu chifu yupo.”

“Mtafute. Na huyo marehemu, ni ndugu wa mtu yeyote tunayemjua?”

Nikasema hapana.

Nikamtafuta naibu chifu, nikamwomba anithibitishie kwamba ndugu yangu amekufa. Alivua kofia akathibitisha. Habari ilitoka kwa sentensi tatu, na ya pili ilisema kwamba kuta za kisima ziliporomoka. Ni sentensi ya kweli. Vijana wanaoanza kazi hii huniletea sentensi kama hiyo kila wiki, nami huwarudishia: gari lilipinduka, daraja lilivunjika, dawa zilikwisha, kana kwamba hakuna mtu aliyefanya lolote. Nawauliza, “Nani?” Mimi hakuna aliyeniuliza. Watu waliokiona kile kisima walijua kimechimbwa vibaya, wakasema ni haraka ya ujana, na anayetaka kuoa ana mambo mengi kichwani. Mama naye akasema hivyo. Niliwaacha waseme.

Daftari langu, lile ulilonakili, nililianza wiki moja baada ya mazishi.

Wewe ulilikuta ukiwa darasa la saba, ukaja nalo jikoni. Pengine umesahau mazungumzo yale, mimi sijasahau.

“Baba, hapa umeandika kwamba jiwe si kitu. Umesema ni mahali panapokataa.”

“Ndiyo.”

“Panakataa nini?”

“Mguu wako, ukilipiga teke.”

“Na nisipolipiga? Likikaa peke yake huko kichakani, linakataa nini?”

Mama yako alikuwa anapepeta kunde. Akasema bila kuinua macho, “Linakataa kwenda kuchota maji. Kama wewe.”

Ukaenda kuchota maji, lakini swali likabaki na mimi kwa miezi. Ndilo lililonifanya niandike kurasa za kati, zile unazozipenda, na ambazo nadhani ndizo utakazotaka kuzisoma Jumanne. Kwamba ulimwenguni hakuna vitu na nafasi. Kuna nafasi tu, na mahali pengine nafasi hiyo hukubali kupitwa na pengine hukataa. Ugumu ni kukataa kuingiwa. Uzito ni kukataa kuondolewa. Na hakuna kinachokataa kila kitu: kioo kinakubali mwanga na kukataa mkono, ukuta unakubali sauti na kukataa mwanga, mchanga unakubali maji. Kwa hiyo jiwe likiwa peke yake halina ugumu. Ugumu ni jambo la wawili, anayebisha na anayekataa.

Siwezi kukuambia kwamba huo ni upuuzi. Bado ninapoamka mapema kabla ya kazi kuanza naona kwamba kuna kitu pale. Sina njia ya kukipima, na Mwalimu Mbithi ana haki kusema kwamba kisichopimika hakiwezi hata kukosea. Lakini leo nimekisoma katika mwandiko wako, na mwandiko wa mtu mwingine humfanya mtu aone maneno yake kama ya mgeni. Niliyaona kwa jicho la mhariri. Kurasa kumi na nane, na ndani yake mchanga ndio unaokataa, nafasi ndiyo inayokataa, ulimwengu wote umekataa. Hakuna mtu. Ni ile sentensi yangu ya pili, nimeirefusha kwa miaka kumi na sita.

Kisha nikafika ukurasa wa kumi na tisa.

Umeandika kwamba ulijaza mikebe mitatu mchanga wa mto, mmoja mkavu, mmoja mbichi, mmoja ukauongezea maji mpaka yakafurika, ukaipindua yote juu ya ubao nyuma ya jiko. Mkavu ulimwagika. Uliofurika ulimwagika pia. Mbichi ulisimama. Halafu umeandika: “Kwa hiyo baba amekosea. Nafasi ikijaa kabisa, hakuna kinachoshika. Kinachoshika ni pale ambapo maji na hewa vinakutana, ngozi nyembamba ya maji kati ya punje na punje. Ngozi hiyo ikikauka, au ikizama, hakuna ukuta.” Na chini yake: “Niliuacha mnara mbichi juani. Ulisimama asubuhi yote kama saruji. Alasiri ulianguka, na ulianza kuanguka upande wa jua.”

 Nimehudhuria uchunguzi wa vifo mahakamani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sijapata kumsikia mtaalamu akieleza sababu ya kifo kwa maneno machache na safi kama hayo. Wewe ulikuwa unaeleza mkebe.

Sasa unaona nilipofikia. Nikizitoa kurasa zangu sandukuni, nitakuwa nimeficha tena, na safari hii nitakuwa nimekuibia. Nikikwambia usizisome, utauliza kwa nini, maana wewe huuliza. Nikinyamaza, utasimama mbele ya wale walimu uwaeleze kwanza mahali panapokataa. Mwalimu Mbithi anasema humpa kila mmoja dakika chache tu, na watakuwa wamekwisha kutazamana kabla hujafika ukurasa wenyewe. Wanaokuja ni wengi, nafasi ni chache, na ukikosa hii hakuna nyingine mwaka huu.

Na nikikwambia soma ukurasa wa mwisho peke yake, ambalo ndilo jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angekushauri, ninakupa kifo cha Kimanzi uingie nacho chuoni, bila wewe kujua. Kwa hiyo nimekujulisha. Na sasa unajua, na sijui kama utaweza kuusoma ukurasa huo mpaka mwisho. Sijui kama ni halali mtu apate masomo kwa njia hiyo. Sijui pia kama ni halali ayakose. Mhariri akinipigia simu, hata kwa jambo baya kiasi gani, huwa nina la kumjibu. Leo nimezunguka nyumba hii tangu saa nane. Nilikusudia kukuambia kwa mdomo. Ulipopita na viatu vyako nikakuuliza kama umeweka sabuni.

Mama yako nimemwambia. Hakuwa anajua, usimdhanie vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameishika pasi juu juu, kisha akauliza jambo moja.

“Kimanzi alijua?”

“Alijua nini?”

“Kwamba hukuwa na hakika.”

Nikasema hapana. Akaendelea kupiga pasi.

Nimefikiri juu ya swali hilo kuliko lako la jiwe. Wazo langu halikuwa baya kwa sababu lilikuwa na kosa. Karibu kila wazo nililopata kuwa nalo lilikuwa na kosa, na mengi hayakumdhuru mtu. Lile nililitoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupima. Nilikuwa na debe moja, na niliongea kana kwamba nina mto mzima. Kama ningesema, “Nadhani utasimama, lakini sijaona ukikaa juani siku nzima,” Kimanzi angeulaza kidogo, maana hakuwa mjinga. Alichimba kwa kuiamini sauti yangu. Mchanga hakuuamini hata siku moja.

Wewe huna kosa hilo. Nimeutafuta katika ukurasa wako na sikuupata ule ujasiri wangu wa debe moja. Umeandika ulichofanya, ulichoona, na saa ulipokiona. Sikukufundisha hivyo kuhusu vitu. Labda ulisikia nikiwakaripia wale vijana kwenye simu.

Usidhani nakuomba unisamehe. Hukuwa mtoni. Wala usibadilishe kitu kwa ajili yangu: ukitaka kusoma kumi na tisa zote, zisome, na wakicheka, waache wacheke mahali panapostahili. Ukitaka kuziacha kumi na nane nyumbani, ziweke tu juu ya meza. Ukitaka kusoma ule mmoja na kuwaambia ulitoka wapi, habari hiyo ni yako sasa, na jina langu liweke. Na usipoweza kusoma lolote, rudi. Sina uwezo wa kuchagua kati ya hayo. Nimejaribu tangu mchana.

Jambo la mwisho. Una jina la mama yangu, na tangu uzaliwe nimekuita mwaitu, mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita mabinti waliobeba jina hilo. Kwa hiyo najua nimefanya nini jioni hii: nimemwandikia Syombua mdogo kwa sababu nilimwogopa Syombua mkubwa. Yeye bado anasema mwanawe alikuwa na haraka. Juzi tu amemwambia jirani yake hivyo, mbele yangu, akitikisa kichwa, kama mtu anayemkaripia kijana asiyesikia. Amemlaumu Kimanzi miaka kumi na sita kwa kosa langu.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako, kwenye ukurasa ule. Basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitakubebea sanduku mpaka stendi, na ukitaka tusiongee njiani, hatutaongea. Jumanne saa nne utaitwa ndani. Jumamosi saa moja asubuhi kuna basi la Mutomo, na tikiti nimekwisha kuikata. Nyanya yako ataelezwa siku hiyo, kabla ya chakula cha mchana, na nitaanza kwa kujibu lile swali langu la “Nani?”

Baba yako